Pumzi ya Kugawana

Siku niliyoripoti wodi ya watoto, katika hospitali moja ya Nachingwea, kitu cha kwanza nilichokabidhiwa kilikuwa mkasi. Dada aliyekuwa msimamizi wa wodi alinitazama kuanzia viatu mpaka kofia, akasema, "Hapa hatutupi kitu kabla hatujakiuliza kama kina kazi nyingine." Nilidhani ananitania mgeni. Kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimekata glavu zilizochanika kupata mipira ya kufungia mkono tunapotafuta mshipa, na maboksi ya dripu kupata vibao vya kunyooshea mikono ya watoto wasing'oe sindano. Kitandani mwishoni mwa wodi alilala mtoto aliyemwagikiwa na uji wa moto. Juu yake kulikuwa na tao la vyuma vilivyotoka kwenye kiti kibovu, na chandarua kimefunikwa juu ya tao hilo ili nguo isiguse kidonda wala nzi wasikifikie. Tao hilo alilikunja dada mwenyewe.

Alikuwa amenizidi umri sana, mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini. Wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita, wakapata shamba la korosho upande wetu, naye akazaliwa huku na kusomea uuguzi. Alikuwa mjane, na watoto wake walikuwa wamekwenda Dar es Salaam. Kimakua ndiyo lugha ya kwao, lakini alijua pia Kiyao na Kimakonde cha kutosha kumtuliza bibi kutoka shambani ambaye Kiswahili chetu cha hospitali kilimpita kando. Wagonjwa walimwita sista, kama walivyotuita sisi sote. Mimi nilimwita dada, na yeye aliniita mdogo wangu, mpaka leo.

Kwa vitu vidogo tulikuwa tunajimudu. Kilichotushinda kilikuwa hewa.

Wodi ilikuwa na mashine moja ya oksijeni, ile inayochomekwa kwenye umeme, inavuta hewa ya chumbani na kutoa oksijeni kupitia mpira mmoja mwembamba. Mpira mmoja, pua moja. Mtungi wa akiba ulikuwepo pia, ila ukiisha ulikwenda kujazwa mbali na kukaa huko. Mvua zikianza, mahindi yakiwa bado machanga mashambani, watoto wa kichomi walikuja wawili watatu kwa pamoja. Mbavu zinaingia ndani, matundu ya pua yanatanuka, midomo inageuka rangi. Tuliwapa kwa zamu. Unamwondolea huyu unampa yule, huku mama wa huyu anakutazama mkono wako unavyovuta mpira puani mwa mwanawe. Sijui kazi mbaya kuliko ile.

Asubuhi moja tulimpoteza mtoto katikati ya zamu ya mwenzake. Dada alimfunika, akampeleka mama nje, akarudi kukaa kwenye kitanda cha chuma kilichokuwa tupu, kimoja cha vile ambavyo wazee husema vilibaki tangu Wazungu wa karanga, wale wa mradi wa mashamba makubwa enzi za ukoloni. Alikaa anautazama mpira wa mashine. Halafu akaniambia, "Niletee mipira ya dripu ambayo haijatumika, na chupa."

Alichokitengeneza ni rahisi kukieleza. Oksijeni kutoka kwenye mashine aliiingiza kwenye chupa moja iliyozibwa vizuri, na kwenye kizibo cha chupa ile akatoa mipira kadhaa. Kila mpira ulikwenda kwenye chupa yake ndogo yenye maji yaliyochemshwa, ukazama ndani ya maji, na juu ya maji ukatoka mpira mwingine kwenda puani mwa mtoto. Dripu huwa na kigurudumu cha kukazia na kulegezea. Kwa hicho aliweza kupunguza hewa ya huyu na kuongeza ya yule. Na kwa kuwa hewa ilipita kwenye maji, uliiona. Mapovu yakienda mbio, hewa nyingi. Yakienda polepole, hewa kidogo.

Daktari wetu alikuwa kijana mwenye akili na asiyejikweza. Alizunguka zile chupa, akakuna kichwa.

"Dada, sijui kila mmoja anapata kiasi gani."

"Hata mimi sijui," dada akasema. "Ila najua kwa zamu wanapata kiasi gani."

Daktari akaenda kuleta kipimo cha oksijeni ya damu kinachobanwa kidoleni, akavuta kiti, akakaa na watoto wawili asubuhi nzima, anapima huyu, anapima yule, dada anageuza vigurudumu. Namba zilipanda. Hazikupanda kama za mtoto mwenye mashine yake peke yake, lakini zilipanda kwa wote wawili. Daktari alisimama, akamshika dada mkono kwa mikono yake yote miwili kama mtu anayetoa pole msibani, akaondoka.

Msimu ule wa mvua wodi yetu ilikuwa na sauti ya maji yanayochemka bila moto. Akina mama walijifunza haraka kuliko sisi. Walikaa na watoto mapajani, macho yao kwenye chupa, na mapovu yakipungua waliita, "Sista! Maji ya mwanangu yamenyamaza!" Nami nilikuwa nakimbia. Mara nyingi ilikuwa mpira umejikunja tu. Nilikuwa kijana, na nilianza kuamini kwamba hakuna upungufu usioweza kutafutiwa chupa na mpira.

Habari zilisambaa. Mgeni mmoja kutoka ngazi za juu alipita, akapiga picha, akamwambia dada kwamba wauguzi wabunifu ndio nchi inaowahitaji. Mvua zilipokwisha, wakati wa minada ya ufuta, tuliitwa Ruangwa kwenye mkutano wa kuonyesha ubunifu wa watumishi wa afya. Dada aliosha chupa zake, akazifunga ndani ya kanga, akazipakata njia nzima.

Ruangwa ni kwetu. Nilizaliwa pale, na mama yangu bado anakaa nyuma ya soko. Nilimwambia dada kwamba baada ya mkutano tutakula nyumbani. Alicheka, akasema basi ajitahidi asiharibu jina langu.

Hakuliharibu. Alisimama mbele ya ukumbi, akamimina maji, akaunganisha mipira, na mtu akapuliza hewa kwa pampu. Mapovu yalipoanza kwenye chupa zote kwa pamoja, ukumbi ulipiga makofi. Kisha akasimama fundi wa vifaa tiba, mtu mzima, mpole. Namkumbuka bila chuki. Aliuliza:

"Maji haya mnayabadilisha mara ngapi, mama?"

"Kila tunapopata nafasi ya kuchemsha mengine."

"Mtoto mmoja akikohoa kwenye mpira wake, una hakika hakuna kinachorudi kwenda kwa mwenzake?"

"Sina hakika."

"Mmoja akichomolewa, hewa yake inakwenda wapi?"

"Inawaongezea wengine. Inabidi uwepo uikaze."

"Na usipokuwepo?"

Dada alikaza kigurudumu kimoja, mapovu ya chupa nyingine yakaenda mbio. Yule fundi akasema, bila dharau hata chembe, kwamba wazo ni zuri, na kwamba kuna kifaa halisi cha kugawa oksijeni kimetengenezwa na kupimwa kwa kazi hiyohiyo. Alisema hizi chupa zinaweza kuua mtoto na usijue kama zimeua. Hatuwezi kuruhusu, akasema.

"Naelewa," dada akajibu. "Basi mtuletee hicho halisi."

"Mtaletewa."

Waliokuwa mbele waliinamiana, wakanong'onezana. Uamuzi ukawa kwamba chupa zibaki pale kwa uchunguzi, na wodi iache kuzitumia mpaka kifaa kitakapofika. Tulipigiwa makofi tena, tukapewa soda.

Nyumbani mama alikuwa amepika wali na kuku wa kienyeji. Alimkaribisha dada kama mkwe, akamwekea paja.

"Wamewapa nini huko?" akauliza.

"Makofi na soda, mama," nikasema.

"Na vile vyombo vyenu mlivyokwenda navyo?"

"Wamebaki navyo."

Mama alitutazama kwa zamu. Alikuwa mkulima maisha yake yote. Mtu akibaki na kitu chako na kukupa maneno, yeye alikuwa na jina la kumwita mtu huyo. Hakulitaja kwa heshima ya mgeni. Dada alikula vizuri, akasifia mboga, akamuuliza mama habari za mikorosho. Tukarudi Nachingwea jioni ile.

Kifaa hakikuja. Daktari alifuatilia mpaka alipokwenda masomoni, na jibu lilikuwa lilelile, kwamba jambo liko kwenye mchakato. Aliyekuja baada yake alikuwa na majukumu ya hospitali nzima na hakujua zile chupa zilikuwaje. Tulirudi kwenye zamu. Akina mama wa safari hii hawakujua kwamba kuliwahi kuwa na njia nyingine, kwa hiyo hawakulalamika. Mimi ndiye niliyekuwa najua, na dada.

Kisha mvua zikarudi. Mchana mmoja mashine ilikuwa na mtoto wa kike wa mama mmoja wa hapohapo mjini, hali yake mbaya. Akaletwa mtoto wa kiume, baba yake amembeba kifuani kwenye bodaboda kutoka kijijini, amemfunika koti. Mtungi ulikuwa umekwenda kujazwa. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji na mama aliyekuwa anatoka damu. Tuliwatazama wale watoto wawili. Hakuna aliyeweza kumwachia mwenzake mpira hata kidogo.

Dada hakuniuliza maoni. Alifungua kabati, akatoa mipira na chupa nyingine, akaunganisha akiwa amesimama, vidole vinakwenda kama vya mtu anayesuka ukili. Nilichemsha maji. Mapovu yakaanza. Nilimwona yule mtoto wa kiume anavyorudi, rangi ya kucha zake ikibadilika, na baba yake akaketi sakafuni na kuegemeza kichwa ukutani.

Walikaa hivyo mchana wote. Kwenye saa tisa umeme ukakatika.

Mashine ilitoa mlio wake, kisha ikanyamaza, na maji yakanyamaza kwenye chupa zote mbili kwa pamoja. Mlinzi alikimbilia jenereta. Jenereta haikuwa na dizeli ya kutosha kuwaka, ikabidi itafutwe. Tulikuwa na mfuko mmoja tu wa kukamuliwa kwa mkono, wa kumpulizia mtoto hewa. Mimi nilimpulizia mmoja kwa mfuko huo, dada akampulizia mwingine kwa mdomo wake, tukabadilishana, jasho linatutiririka. Umeme uliporudi, mtoto wa kike alikuwa bado anahema. Wa kiume alikuwa ameshakwenda.

Katika kikao kilichofuata wakubwa wa hospitali hawakuuliza sana kuhusu dizeli. Dizeli ilikuwa na maelezo yake, na kila mtu aliyajua. Waliuliza kuhusu chupa. Nani aliruhusu? Hamkukatazwa? Dada alijibu kwamba alikatazwa, aliruhusu yeye mwenyewe, na kwamba mimi nilitii kwa kuwa yeye ni mkubwa wangu. Nilitaka kusema kitu, akanikanyaga mguu chini ya meza.

Tulipotoka, baba wa mtoto alikuwa anasubiri kwenye kivuli cha ukuta. Alikuwa amezika, amerudi. Alimsalimia dada kwa adabu, kisha akauliza:

"Sista, ni kweli mwanangu mlimfanyia majaribio?"

"Nani amekwambia hivyo, baba?"

"Nimesikia. Wanasema kulikuwa na mashine nzuri, mkamwekea ya chupa."

Dada alivua kofia yake, akaishika. "Mashine ilikuwa moja," akasema. "Nilimpa nusu ya kilichokuwepo. Kizima hakikuwepo, baba yangu."

Yule mtu alitikisa kichwa. Sikuweza kujua kama anakubali au anakataa. Akapanda bodaboda iliyokuwa inamngoja, akaondoka. Maneno yale ya majaribio yalibaki mjini kwa muda mrefu. Sokoni niliwahi kuyasikia nyuma ya mgongo wangu nikichagua nyanya.

Kabla korosho za msimu ule hazijaanza kuokotwa, dada alihamishiwa zahanati moja upande wa Kilimarondo. Hakuna aliyeuita uhamisho huo adhabu. Walisema kule kuna uhaba wa watumishi, na ni kweli uhaba upo.

Nilikwenda kumtembelea mvua zilipotulia kidogo. Nilikodi pikipiki asubuhi, nikafika matope yamenipanda mpaka kiunoni. Njiani nilikuwa nimejenga picha: nitakuta amegeuza zahanati yote, amefunga mifereji ya mirija, amebuni taa, amebuni birika. Nilimkuta amekaa kwenye benchi, miguu imenyooshwa, anachambua mboga za majani. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akanikumbatia, akafurahi kweli. Ndani kulikuwa na meza, kitanda cha kujifungulia, kabati la dawa na friji ya chanjo inayotumia jua. Hakuna kitu kilichokatwa wala kuunganishwa na kingine.

"Dada, siku hizi hutengenezi kitu?"

"Nitengeneze nini?"

"Chochote. Wewe hukai hivihivi."

Aliendelea kuchambua mboga. "Mdogo wangu, nimefikiri sana huku. Kila nilipoziba tundu, aliyekuja kutazama aliona kiraka changu, akanisifu. Tundu hakuliona tena. Zile chupa zilipokuwa zinafanya kazi, nani aliandika kwamba Nachingwea wanahitaji mashine nyingine? Hata mimi mwenyewe sikuandika. Nilikuwa na raha." Akainua macho. "Sasa hapa nimeliacha tundu wazi. Nataka walione."

"Wameliona?"

"Hawajafika," akasema.

Tulikuwa hatujamaliza kula alipoingia mwanamke na mkwe wake, bibi mzee anayezungumza Kiyao, wamebeba mtoto mchanga anayehema mbio. Dada alimvua nguo, akamhesabia pumzi, akamchoma dozi ya kwanza ya dawa iliyokuwepo, akasema aende Nachingwea sasa hivi. Bodaboda aliyenileta alikuwa bado hajaondoka. Alikubali kuwachukua, kisha mtu akaja kusema tembo wako barabarani, kundi lenye watoto, wanakula mahindi ya watu pembeni kabisa mwa njia. Watu walikuwa wanapiga madebe tangu asubuhi. Bodaboda akazima pikipiki.

Nilihisi mikono yangu inatafuta kitu. Niliangalia kabati, nikaangalia waya wa friji, nikaangalia dumu la maji pale mlangoni. "Dada, tufanye nini?"

"Tusubiri," akasema.

"Tusubiri tu?"

"Kuna nini kingine hapa? Niambie wewe. Unaona nini?"

Nilitazama tena. Sikuona kitu. Dada alimpakata yule mtoto wima, kifua kwa kifua, akazungumza na bibi kwa Kiyao, taratibu, na bibi akajibu kwa neno moja moja. Mama wa mtoto alikaa mlangoni akisikiliza madebe. Tulisubiri hivyo mpaka jua likaanza kulala upande, ndipo ikaletwa habari kwamba tembo wameingia porini. Nilipanda pikipiki ya pili iliyopatikana, tukaongozana na mama na mtoto. Dada alisimama barabarani, hakupunga mkono, alikuwa ameikumbatia mikono yake mwenyewe.

Mtoto yule alipona. Tulipofika wodini mashine ilikuwa haina mtu. Mtoto aliyekuwa nayo alikuwa amefariki adhuhuri ile, na kwa kuwa mimi ndiye niliyemfunga kanga usiku ule, tayari kwa safari ya asubuhi ya kwenda makaburini, sikuweza kumshukuru Mungu kwa sauti. Nilimpigia dada simu kumwambia mtoto amepona. Mtandao ulikuwa unakatika.

"Alikuta nafasi," dada akasema.

"Ndiyo, dada. Alikuta nafasi."

"Haya. Salimia wodini."

Baada ya hapo tuliongea mara chache, halafu kwa salamu za sikukuu tu. Yuko kulekule. Wauguzi wanaopita kule wananiambia zahanati ni safi, rufaa zake zinaandikwa vizuri, na hakuna aliyekwenda kuangalia kinachokosekana.

Mashine ya wodini ilianza kutoa hewa yenye joto, kisha ikaanza kulia kila wakati, kisha ikapelekwa kutengenezwa. Tumeambiwa inasubiri kipuri. Mtungi unakuja na kuondoka. Kwenye kona ilipokuwa mashine tumeweka kitanda kingine, maana watoto hawapungui, na akina mama hukigombania kitanda hicho kuliko vyote. Mwanzoni sikuelewa kwa nini, mpaka nilipoona nyaya. Pale ukutani kuna soketi nzuri isiyolegea, na wanachajia simu zao.